Novemba 1967: shilingi ilipokataa kushuka na pauni

Jumamosi jioni, tarehe 18 Novemba 1967, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba pauni moja, iliyokuwa ikinunua dola 2.80 za Marekani, sasa itanunua dola 2.40. Asilimia 14.3 ya thamani ilitoweka kwa tangazo moja. London iliwahi kufanya hivyo hivyo Jumapili ya tarehe 18 Septemba 1949, na safari ile hakuna aliyehitaji kuiuliza Nairobi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni, ishirini kwa moja, kwa hiyo pauni ilipoanguka kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi ilianguka nayo. Aliyelala akijua dola moja ni kama shilingi tano aliamka ikiwa shilingi saba na senti kumi na nne.

Mwaka 1967 Nairobi ilikataa. Kenya, Uganda na Tanzania ziliziacha sarafu zao pale pale, shilingi 7.14 kwa dola, na pauni ya Malkia ikawa inauzwa kwa shilingi 17.14 badala ya 20.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu habari za himaya na madeni yake karibu zote husimuliwa kutoka ikulu. Tunasikia jinsi watawala wa Roma walivyopunguza madini ya fedha ndani ya dinari, jinsi Uhispania ya Philip II ilivyoshindwa kulipa mara kadhaa, na jinsi Waottomani walivyokabidhi sehemu ya kodi zao kwa wadai wa Ulaya mwaka 1881. Aliyetawaliwa huonekana kwa mbali tu, akilipa kodi. Kwa Uingereza ya karne ya ishirini kuna jambo ambalo simulizi hizo hulipita: sehemu kubwa ya deni lake la nje ilidaiwa na watu iliowatawala, na wakazi wa Afrika Mashariki walikuwamo.

Rupia, florini, shilingi

Nairobi ilikulia katika rupia ya India. Kwa miaka mingi rupia kumi na tano zilikuwa pauni moja. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoisha bei ya madini ya fedha ilipanda, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 London ikaamua kwamba rupia moja itakuwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani kumi kwa pauni. Mlowezi aliyekopa rupia 15,000 akidhani anadaiwa pauni 1,000 alijikuta anadaiwa 1,500, naye mazao yake aliyauza kwa pauni. Ikaja florini, haikukaa, ikafuatwa na shilingi.

Mzigo ule haukubaki kwa mlowezi. Mwaka 1921, bei za mazao zikiwa zimeanguka, waajiri wa Kizungu walikubaliana kukata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku, aliyekuwa mwendeshaji simu katika Hazina hapa Nairobi, alisimama kupinga mishahara hiyo, kodi na kipande, yaani kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa kukibeba. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 mwezi huo polisi wakaufyatulia risasi umati uliokuwa ukidai aachiliwe. Zaidi ya watu ishirini waliuawa, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Barabara inayopita hapo leo ina jina la Thuku. Vitabu vya shule hukitaja kipande, na ni haki yake kutajwa, lakini mgogoro wa sarafu uliotangulia kupunguzwa kwa mishahara hupewa mstari mmoja, ukipata hata huo.

Chombo kilichosimamia fedha mpya kiliundwa Desemba 1919: Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Ofisi yake ilikuwa London, si Nairobi, na haikuhamia huku hadi 1960. Namna ilivyofanya kazi ndiyo kiini cha kisa hiki.

Bodi haikuwa benki kuu. Haikuamua riba wala kuikopesha serikali ya Kenya ilipoishiwa. Kazi yake ilikuwa kubadilishana: ukileta pauni London unapewa shilingi Nairobi, na ukirudisha shilingi unapewa pauni. Pauni zilizopokelewa ziliwekezwa London, sehemu kubwa katika hati za serikali ya Uingereza na za serikali nyingine za himaya. Kanuni ilikuwa kwamba kila shilingi iliyo mitaani iwe na pauni yake kule. Ilichukua miaka mingi kulifikia lengo hilo, kwa sababu kuziondoa rupia kuliiachia Bodi pengo kubwa, lakini mwelekeo ulikuwa huo huo wakati wote.

Sasa mfuate mkulima wa pamba wa Uganda au wa kahawa wa Kilimanjaro. (Sijamtaja mkulima Mwafrika wa kahawa wa Kenya kwa sababu kwa muda mrefu alizuiwa kuilima.) Mazao yake yanauzwa ng'ambo, na dola zikipatikana zinaingia katika mfuko wa pamoja wa eneo la pauni, yaani nchi zilizofungamana na pauni, unaosimamiwa na London. Yeye anapewa noti za shilingi, na nyuma ya noti hizo kuna hati inayosema kwamba Uingereza inadaiwa. Akizikunja noti na kuzificha chini ya godoro, ameikopesha himaya bila kuulizwa na bila kupata riba. Ni kama mwenye shamba anayewalipa vibarua kwa vikaratasi vya ahadi, kisha akatumia pesa taslimu ya mavuno kumlipa jirani anayemdai.

Deni la 1945

Uingereza ilitoka katika Vita Vikuu vya Pili ikiwa mshindi na bila pesa. Deni la taifa lilikuwa takriban mara mbili na nusu ya pato la mwaka mzima. Wenye kupenda hesabu rahisi huishia hapo: deni lilikuwa kubwa, himaya ikaanguka. Lakini baada ya vita dhidi ya Napoleon, miaka mia moja na zaidi nyuma, Uingereza ilikuwa na deni la karibu mara mbili ya pato lake, na karne iliyofuata ndiyo iliyoipandisha bendera yake Lagos, Cairo na Mombasa. Kwa hiyo ukubwa peke yake hautoshi kueleza. Mara ile ya kwanza wadai walikuwa Waingereza wenyewe, walidai kwa pauni, na viwanda vyao havikuwa na mshindani.

Mwaka 1945 baadhi ya wadai wakubwa walikuwa nje, wa aina mbili. Wa kwanza walikuwa Wamarekani. Agosti mwaka huo, Japani ilipojisalimisha tu, Washington ilikata msaada wa vifaa uliokuwa ukiilisha Uingereza. Mchumi John Maynard Keynes akatumwa kuomba, na Desemba akarudi na mkopo wa dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2. Kanada nayo ikaongeza wake. Malipo ya mwisho ya mikopo hiyo yalifanyika mwishoni mwa Desemba 2006. Kenya ilikuwa huru kwa miaka 43.

Aina ya pili ilikuwa nchi zilizouza vitu na huduma wakati wa vita zikalipwa kwa pauni za kuandikiwa vitabuni London. Jumla ilikuwa karibu pauni bilioni 3.5. India pekee ilidai kama bilioni 1.3. Misri ilidai, na makoloni ya Afrika yalidai kupitia bodi za sarafu na bodi za kununua mazao.

Mkopo wa Marekani ulikuja na sharti: ndani ya mwaka mmoja, yeyote mwenye pauni anazopata katika biashara aruhusiwe kuzibadilisha ziwe dola. Siku ilifika tarehe 15 Julai 1947. Dola zilitoka kwa kasi kiasi kwamba tarehe 20 Agosti dirisha lilifungwa, baada ya wiki tano tu. Ndani ya wiki hizo tano, tarehe 15 Agosti, India ikawa huru. Sisemi moja lilizaa lingine. Gandhi, Nehru na mamilioni ya watu walikuwa wamelitaka jambo hilo kwa miongo. Lakini serikali iliyokuwa ikihesabu dola zilizobaki kila jioni haikuwa na uwezo wa kulipia jeshi la kuishikilia nchi inayoidai. Februari mwaka huo huo ilikuwa imeiambia Washington kwamba haiwezi tena kugharimia Ugiriki na Uturuki.

Kwa nini 1949 iliongeza ukoloni huku

Hapa ndipo ninapotofautiana na simulizi ya kawaida ya kuanguka. Deni liliifukuza Uingereza kutoka India, lakini Afrika Mashariki liliizidishia hamu. Iliyokosa dola ilihitaji makoloni yanayoweza kuziingiza au kuziokoa. Mpango wa karanga wa Tanganyika ulitoka katika fikra hiyo: mafuta ya kupikia yalimwe Kongwa kwa pauni badala ya kununuliwa kwa dola. Ulianza 1947, ukaachwa 1951 baada ya kula pauni milioni 36. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutosha, na matrekta yaliyotumika yaliharibika upesi. Kwa kuokoa dola, haukuokoa kitu.

Mifuko ya makoloni iliguswa kimyakimya zaidi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950, India ilikuwa ikitumia akiba yake haraka, huku makoloni yakirundika yake kwa sababu hayakuwa na ruhusa ya kuitumia yapendavyo. Hati zilizowekwa London kabla ya Septemba 1949 zilipoteza uwezo wa kununua bidhaa za Marekani kwa asilimia 30 kwa siku moja. Hakuna mkutano uliofanyika Nairobi kuhusu hasara hiyo, kwa kuwa aliyeipata hakuwa na kiti mezani wala habari kwamba ni mdai.

Wakati huo huo gharama za kutawala zilikuwa zikipanda. Hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau iligharimu, kwa hesabu ya serikali yenyewe, zaidi ya pauni milioni 55.

Kisha ikaja Suez. Nasser, rais wa Misri, alitaifisha mfereji Julai 1956; mwishoni mwa Oktoba Uingereza, Ufaransa na Israeli zikashambulia. Kijeshi mambo yalikwenda. Kifedha, Novemba peke yake akiba ya London ilipungua kwa dola milioni 279, na Eisenhower, rais wa Marekani, akazuia Shirika la Fedha la Kimataifa lisiikopeshe Uingereza hata senti mpaka vita visimame. Vikasimama. Harold Macmillan, waziri wa fedha aliyekuwa mstari wa mbele kutaka vita, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta hesabu na kusema haiwezekani. Mkopo ulipatikana baada ya kukubali kuondoka. Januari 1957 waziri mkuu Anthony Eden alijiuzulu, Macmillan akashika nafasi yake, na mwezi huo huo akawataka maafisa wamfanyie hesabu ya faida na hasara ya kila koloni. Jibu lilikuwa kwamba pande hizo mbili zinakaribiana. Naliona swali kuwa zito kuliko jibu. Himaya iliyo na pesa haiulizi.

Nairobi ilipata hata majengo kutokana na msukosuko huo. Baada ya Suez, majeshi yalihitaji kituo upande huu wa Mashariki ya Kati, na kambi ya Templer ikajengwa Kahawa. Miaka michache baadaye ilikabidhiwa serikali ya Kenyatta. Wanaosoma Chuo Kikuu cha Kenyatta leo wanakaa juu ya mradi ambao Waingereza walioujenga hawakuweza kuulipia kwa muda mrefu.

Wikendi yenyewe

Bodi ya Sarafu ilivunjwa baada ya nchi tatu kuamua, mwaka 1965, kila moja iwe na benki kuu yake. Benki Kuu ya Kenya ilianza kutoa noti Septemba 1966, zikiwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta. Mwanzoni shilingi mpya ilibaki ishirini kwa pauni, na wengi waliiona kama badiliko la picha tu. Waziri wa fedha alikuwa James Gichuru, na Mei 1967 Duncan Ndegwa akawa gavana wa kwanza Mkenya.

Pauni ilikuwa taabani kwa miaka mitatu. Harold Wilson aliingia madarakani kama waziri mkuu wa Uingereza 1964 akakuta biashara ya nje ina pengo kubwa, akakataa kushusha thamani, akakopa. Juni 1967 vita vya Waarabu na Waisraeli vilifunga mfereji wa Suez, kisha migomo ya bandarini ikamalizia kazi.

Tangazo lilipotoka, hesabu ya Nairobi ilikuwa na pande mbili, na hakuna uliokuwa mwepesi. Kuifuata pauni kungemaanisha dola moja ipande hadi shilingi 8.33, na kila kilichonunuliwa nje ya eneo la pauni kipande bei. Kuikataa kulimaanisha chai na kahawa zikiuzwa London kwa pauni zilete shilingi chache. Pia akiba yote ambayo bado iko katika pauni ingeonekana imepungua katika vitabu vya benki kuu: kila pauni 1,000 zilizokuwa shilingi 20,000 sasa ni 17,143.

Lakini hesabu hiyo hiyo ukiigeuza ilikuwa tamu. Kenya ilipopata uhuru ilikopa London, pamoja na kwingine, ili kununua mashamba ya walowezi na kuyagawa kwa Waafrika, na mikopo ya London ilikuwa katika pauni. Kila pauni 1,000 za deni hilo pia zilikuwa sasa shilingi 17,143. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mara hii matanga yalikuwa kwa mkopeshaji.

Jambo jingine lililozifunga nchi tatu pamoja lilikuwa mkataba uliotiwa saini Kampala Juni mwaka huo, ulioanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanzia tarehe 1 Desemba. Sarafu zao zilibadilishana moja kwa moja, shilingi kwa shilingi. Moja ikikataa na nyingine ikifuata, jumuiya ingevurugika kabla haijafungua ofisi. Zikasimama pamoja.

London ilikuwa na wiki mbaya zaidi mbele. Wanajeshi wake wa mwisho waliondoka Aden, koloni lake huko Uarabuni, tarehe 29 Novemba, uamuzi uliokuwa umefanywa kabla ya pauni kushuka lakini ulioangukia siku kumi na moja baada yake. Tarehe 16 Januari 1968 Wilson alitangaza bungeni kwamba majeshi yataondoka Malaysia, Singapore na Ghuba ya Uajemi kufikia mwisho wa 1971, na ndege 50 za F-111 zilizoagizwa Marekani zikafutwa. Watawala wa Ghuba walijitolea kulipa gharama za majeshi hayo wenyewe. Wakakataliwa.

Kuna kipande cha Nairobi hapa ambacho sikitarajii katika vitabu vya uchumi. James Callaghan, waziri wa fedha aliyelazimika kushusha pauni, alihamishiwa wizara ya mambo ya ndani. Huko, Machi 1968, sheria yake iliwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza kuingia Uingereza bila kibali. Kati ya Novemba na Machi, noti yenye sura ya Malkia na pasipoti yenye nembo yake zote mbili ziligundulika kuwa na thamani pungufu kuliko zilivyoandikwa, na zote zilipitia mikononi mwa waziri mmoja.

Deni lilifanya nini, na halikufanya nini

Ureno inatosha kumzuia mtu asipayuke. Salazar, mtawala wake wa muda mrefu, alichukia kukopa, escudo ilikuwa imara, na nchi ilikuwa na akiba kubwa ya dhahabu. Himaya yake ilianguka hata hivyo, 1974 na 1975, kwa sababu ya vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau na maafisa vijana waliochoka kupigana. Mwenye kusema deni ndilo huangusha himaya anapaswa kuieleza Lisbon kwanza.

Kwa upande wa Uingereza naona kazi ya deni ilikuwa kuamua kasi na mpangilio. Watu wa India na wa Kenya walishaamua kwamba haitabaki. Deni la dola liliifanya iondoke upesi pale ilipokuwa haina faida, ing'ang'anie pale ilipoona dola, na isimame katikati ya vita Marekani ilipofunga mfuko. Kushuka kwa sarafu kuliongeza jambo la tofauti: kuliwaonyesha wadai wadogo kwamba wanaweza kuondoka wakabaki wazima. Kufikia Septemba 1968, mjini Basel, Uingereza ilikubali kuzihakikishia nchi zenye akiba za pauni kwamba thamani ya sehemu kubwa ya akiba hizo itapimwa kwa dola, mradi tu zisiziuze.

Nasi je? Kenya si himaya, lakini swali la nani anadai na kwa sarafu gani linaihusu. Hati fungani ya Kenya ya miaka kumi, ya dola bilioni 2, iliyouzwa 2014, ilipaswa kulipwa Juni 2024. Miezi kadhaa kabla, wakopeshaji wakawa na shaka kama dola hizo zitapatikana, na Januari 2024 dola ikapita shilingi 160. Februari serikali ikauza hati mpya ya dola bilioni 1.5, kwa riba ya asilimia 9.75, ili kuinunua sehemu ya ile ya zamani. Ndani ya miezi michache shilingi ilirudi karibu na 130. Deni halikupungua katika wiki hizo, lilibadilishwa tarehe na likawa ghali zaidi. Riba ya hati za ndani nayo ilikuwa ya juu mwaka ule, ila hizo hulipwa kwa shilingi, na hakuna aliyeenda New York wala London kuomba ruhusa ya kuzilipa.